Bibi, Herion na deni la jua

Siku ile mbuzi alichinjwa, pilau ikapikwa masufuria mawili, watoto wa chuoni wakaja wakala wakashiba, na Bibi akala muhogo. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimkuta kwenye baraza ya uani, nyumbani kwetu Tanga, anamega muhogo wa kuchemsha taratibu kana kwamba hasikii harufu ya iliki iliyojaa mtaa mzima. Nikampelekea sahani ya pilau. Akairudisha.

"Nyama ya nadhiri mwenyewe haili, mke mwenzangu."

"Nadhiri ya nini, Bibi?"

"Yangu. Na leo nimeiondoa."

Ikawa imekwisha hapo. Bibi ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa, na nyumbani hatujakubaliana mpaka leo ile ilikuwa nadhiri ya nini. Mama anasema ni kuhusu yeye mwenyewe, alipokuwa mchanga akaugua homa ikakataa kushuka. Mama mdogo anaapa ni ya mjomba wetu, aliyekwenda Pemba na jahazi wakati wa kusi akachelewa mpaka watu wakaanza kusema kwa sauti ya chini. Kila mmoja ana ushahidi wake, na hakuna ushahidi hata mmoja unaosimama.

Nilimkumbuka mwaka huu mbele ya jiwe.

Naishi Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Desemba hapa jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Ukilala baada ya zamu unaweza kupitisha siku tatu hujaliona. Siku moja ya mapumziko, kwa kukimbia baridi tu wala si kwa kupenda elimu, niliingia makumbusho ya Great North Museum. Kiingilio bure, na ndani kuna joto. Nikajikuta nimesimama mbele ya madhabahu ya mawe yenye uso wa kijana aliyevaa taji la miale ya jua, mjeledi mkononi. Miale ile imetobolewa. Si kuchorwa, imetobolewa hadi upande wa pili. Nyuma ya jiwe wamechimba kidaka, kama vile vidaka vya kuwekea taa kwenye nyumba za zamani za pwani. Unatia taa nyuma, unazima nyingine zote, na mungu anawaka kichwa mbele yako gizani.

Chini yake mtu ameandika, kwa Kilatini, maneno machache: kwa mungu Asiyeshindwa Mithra, Marcus Simplicius Simplex, kamanda, ameondoa nadhiri yake kwa hiari, kama ilivyostahili. Nadhiri ya nini? Hakusema.

Nilicheka peke yangu, mlinzi akanitazama.

Jiwe hilo lilitoka Carrawburgh, ngome mojawapo kwenye Ukuta wa Hadrian. Ukuta wenyewe ulianza kujengwa mwaka 122, ukakata nchi kutoka bahari hadi bahari, karibu kilomita 117, mpaka wa mwisho wa dola ya Warumi upande huo wa dunia. Kiangazi cha 1949 kilikuwa kikavu kuliko kawaida. Ardhi ya kinamasi kando ya ngome ikanywea, na vichwa vya mawe vikachungulia. Mwaka uliofuata wanaakiolojia Ian Richmond na John Gillam wakachimba, wakakuta hekalu dogo la Mithra, na madhabahu tatu bado zimesimama mahali pake, kila moja imewekwa na kamanda wa kikosi cha kwanza cha Wabatavi. Ndani walikuta mifupa ya kuku waliowahi kuliwa pale, na matunda makavu ya msonobari yaliyochomwa kwa ajili ya moshi wenye harufu. Hekalu halikuwa na fahari yoyote ya kuonekana kwa nje. Lilikuwa kama pango: jembamba, la giza, mabaraza ya kukalia pande mbili, na mbele kabisa ndipo penye mungu na taa yake.

Hapa kuna maelezo rahisi ambayo nilijaribiwa kuyaamini: askari maskini kutoka nchi za joto, wametupwa kwenye mvua, wanaabudu jua kwa kulikosa. Ningependa iwe hivyo, maana ingekuwa hadithi yangu. Lakini Wabatavi asili yao ni mdomo wa mto Rhine, Uholanzi ya leo, ambako mvua na tope vinatosha. Kwa jua, hawakuwa wamepoteza kitu. Mmoja wa wale makamanda watatu, Aulus Cluentius Habitus, ndiye aliyetoka kwenye jua la kweli. Ameandika kwamba kwao ni Larinum, Italia. Na jina hilo lina kisa: mwaka 66 KK, zaidi ya miaka 250 kabla, wakili mashuhuri Cicero alimtetea mahakamani Roma mtu mwenye jina hilohilo, wa mji huohuo, kwenye kesi ya sumu. Yaelekea ukoo ule ulivuka karne mbili na nusu za vurugu, ukamfikisha mtoto wao kwenye kinamasi cha Carrawburgh, akaweka nadhiri, akaiondoa, na yeye pia hakusema ilikuwa ya nini.

Niseme kidogo jinsi nadhiri hizi zilivyofanya kazi, kwa sababu Mswahili atazielewa haraka kuliko Mzungu wa leo. Ilikuwa hatua mbili. Kwanza unatamka: ukinifanyia hili, nitakupa lile. Baadaye, likitimia, unalipa. Kati ya hatua hizo mbili wewe ni mdaiwa wa mungu, na Warumi walikuwa na neno la kisheria kwa mtu wa hali hiyo. Siku ya kulipa ndipo jiwe linachongwa. Mwisho wake zinawekwa herufi nne tu, V S L M, kifupi cha *votum solvit libens merito*. Zimeandikwa mara maelfu, kutoka Scotland mpaka Syria, hata hawakuona haja ya kumalizia maneno. Kila mtu alizijua, kama sisi tunavyojua AH na BK.

*Solvit* ni amelipa, amefungua, ameondoa. Sisi nasi tunasema kuondoa nadhiri, kana kwamba ni mzigo uliokuwa kichwani. *Libens*, kwa moyo mkunjufu, hakusukumwa. *Merito* ndilo lililonikalisha muda mrefu kwenye benchi la makumbusho: kama ilivyostahili. Anayestahili ni mungu. Amefanya kazi, apewe haki yake. Hakuna kujidhalilisha ndani yake. Ni kauli ya mtu anayemlipa fundi mzuri.

Kwa hiyo mawe haya si maombi, ni stakabadhi. Na stakabadhi inaonyesha kiasi kilicholipwa tu. Mkopo wenyewe ulikuwa wa nini, shauri yao wawili. Tena stakabadhi zipo za waliopewa peke yao. Aliyeomba mtoto apone na mtoto akafa hakuwa na deni, hakuchonga chochote. Cicero huyohuyo anasimulia habari za Diagoras, Mgiriki asiyeamini miungu, aliyeonyeshwa kwenye kisiwa cha Samothrace picha nyingi za watu walionusurika na dhoruba baada ya kuweka nadhiri. Akajibu: ndivyo, kwa sababu waliozama hawakuchorwa popote. Nilipoisoma nikamfikiria mjomba na jahazi lake. Na kama angezama? Bibi asingechinja, nisingekuwa na sahani ya pilau mkononi, na nisingejua kwamba kulikuwa na nadhiri.

Madhabahu yenyewe ni kitu cha kazi. Mgeni huona nguzo fupi yenye maandishi, lakini ukichungulia juu utaona bakuli limechongwa kwenye jiwe, na humo ndimo walimochoma. Ni chetezo, basi, chetezo cha jiwe. Pembeni mara nyingi huchongwa jagi na sahani ya kumiminia divai. Kilichochomwa mara nyingi ni ubani, na ubani haukuota kwao. Ulitoka Arabuni ya kusini na pwani ya Wasomali, kwa njia za bahari ambazo Mgiriki mmoja wa karne ya 1 aliziandikia mwongozo wa mabaharia. Ni mwongozo huohuo unaoitaja bandari ya Rhapta, huku kwetu Afrika Mashariki. Sisemi kwamba moshi wa Carrawburgh una uhusiano na Tanga. Nasema tu kwamba nilipokuwa pale pua yangu ilikumbuka kitu.

Sasa, huyu Jua ni nani hasa? Nilidhani jibu litakuwa fupi. Warumi walikuwa na Sol tangu zamani, mwenye gari la farasi wanne. Mithra ni mwingine: alizaliwa mwambani, alimchinja fahali, waliomfuata walikuwa wanaume watupu, wakipanda ngazi saba, ya sita ikiitwa Mkimbiaji wa Jua. Kwenye picha zao Mithra na Sol ni watu wawili kabisa. Wanapeana mikono, wanakula pamoja juu ya ngozi ya fahali. Halafu unageuka kwenye maandishi unakuta "Mungu Jua Asiyeshindwa Mithra", wote ndani ya jina moja. Anakaa mezani na nafsi yake? Wataalamu wameandika mengi. Mimi nadhani askari hawakuumizwa kichwa. Anayeondoa nadhiri anajua alizungumza na nani.

Kule Nubia, kusini mwa Misri, kwenye hekalu la mungu Mandulis pale Kalabsha, yuko mtu aliyeumizwa kichwa na swali hilo, na ndiye ninayempenda. Hekalu lilijengwa wakati wa Augusto, na askari wa Kirumi waliokaa mpaka huo wa kusini waliandika kwenye kuta zake, kwa Kigiriki, kwamba wamefika na kusujudu. Mmoja aliandika kirefu. Ameziona ishara za mng'aro za Mandulis, amezitafakari, na sasa anataka uhakika: wewe ndiwe Jua, ama siye? Kwa Kiswahili inapendeza kuliko kwa lugha yoyote: alitaka kujua kama yeye ni jua. Alijitakasa, akajitenga na uovu, akafukiza, akapata njozi, akaridhika kwamba ndiye. Hekalu lenyewe lilibomolewa jiwe kwa jiwe mwanzoni mwa miaka ya 1960 likahamishiwa jirani na Aswan, lisizame chini ya maji ya bwawa kuu, na ukuta wenye maswali yake ukasafiri nalo.

Na kuna madhabahu ya watu wa Tadmor, ndiyo Palmyra ya Syria. Ipo makumbusho ya Capitolini, Roma, na najua Roma si jimbo, lakini wenyewe walikuwa watu wa jimbo ugenini. Tiberius Claudius Felix, Claudia Helpis na mtoto wao Alypus, watu wa maghala ya Galba, ambako shehena za mji zilihifadhiwa. Upande mmoja tai amembeba Jua mwenye miale. Upande mwingine mtoto anachomoza kwenye mti wa mvinje amebeba kondoo. Kwa Kilatini wameandika kwamba wameondoa nadhiri kwa Jua Mtakatifu Sana. Kwa lugha ya kwao hawakusema Jua kabisa. Wamesema Malakbel na miungu ya Tadmor, kisha wamefunga kwa neno moja, *shlm*. Salamu. Ni mzizi uleule tunaosalimiana nao kila siku. Familia moja, jiwe moja, na mungu ana jina la ofisini na jina la nyumbani. Kila mtu wa ughaibuni anaelewa hilo bila mhadhiri.

Tufike Housesteads, ngome nyingine ya ukutani, magharibi ya Carrawburgh. Mwaka 1822 walifukua hapo hekalu la Mithra. Kuna madhabahu ya Publicius Proculinus, akida. (Biblia ya Kiswahili humwita hivyo ofisa wa askari mia. Kwetu Tanga neno akida lina kumbukumbu nyingine, ya enzi za Mjerumani, na wazee hawakulitamka kwa furaha.) Aliiweka mwaka 252, tunajua kwa sababu ametaja makonsuli, wakuu wa Roma waliobadilishwa kila mwaka, na ameandika "kwa ajili yake na ya mwanawe Proculus". Huyu ndiye aliyekaribia kusema. Mtoto yumo ndani ya nadhiri. Alikuwa mgonjwa? Alikuwa njiani? Pale ndipo mdomo wake ulipofunga.

Halafu kuna jiwe lingine dogo kutoka hapohapo. Kwa Jua. Herion. Kwa hiari, kama ilivyostahili.

Hana cheo wala kikosi, baba hatajwi, jina ni moja tu. Makamanda wa Carrawburgh wana majina matatu-matatu na kazi zao zimeandikwa zote. Wasomi wanaweza kukuambia ukoo, pengine hata mwaka. Herion hana hata jirani wa kumdhamini. Huenda alikuwa mtumwa, huenda mfanyabiashara aliyeuza viatu kwa askari. Lakini alilipa fundi mawe kwa fedha yake, na fundi akachonga. Katika madhabahu zote nilizosoma habari zake, hii ndiyo ninayoirudia, na ndiyo yenye maneno machache kupita zote.

Siku za karibuni nimefuatilia pia mawe ya Inveresk, karibu na Edinburgh, yaliyopatikana mwaka 2010 walipotaka kujenga upya banda la wacheza kriketi. Yalikuwa mawili, yamezikwa kifudifudi, moja la Mithra na moja la Sol, la miaka ya 140 hivi. La Sol liliwekwa na akida Gaius Cassius Flavianus. Macho, mdomo na miale vimetobolewa ili taa ya nyuma imulike, na juu yake wamechongwa wanawake wanne, ndio majira ya mwaka. Rangi nyekundu na nyeupe bado zinaonekana. Mkumbuke hili mkiona mawe ya kijivu kwenye makumbusho: yalikuwa yamepakwa rangi kama daladala.

Kila Desemba kwenye makundi yetu ya WhatsApp hupita ujumbe uleule, kwamba tarehe 25 ni sikukuu ya mungu jua na Krismasi imeibwa huko. Wanaotuma wana uhakika wa kutisha. Linalojulikana ni hili: Kaisari Aureliano aliporudi kutoka kuishinda Palmyra alizindua hekalu kubwa la Sol mjini Roma mwaka 274. Kalenda iliyokusanywa mwaka 354 inaandika tarehe 25 Desemba kuwa siku ya kuzaliwa kwa Asiyeshindwa, na mashindano 30 ya magari ya farasi. Na mkusanyo huohuo, kwenye orodha nyingine, unaandika kuzaliwa kwa Kristo Bethlehemu siku hiyohiyo. Nani alitangulia, wasomi bado wanavutana, na mimi kwenye kundi la familia nimeacha kujibu.

Kilichonigusa zaidi kuliko Krismasi ni bamba la Corbridge, karibu na Ukuta wa Hadrian. Lilianza kwa maneno "Kwa Jua Lisiloshindwa", zawadi ya askari wa legioni ya sita, miaka ya 160. Baadaye mtu akachukua patasi akafuta jina la Jua, ingawa ukitazama vizuri bado linasomeka. Yaelekea ni baada ya mwaka 222, alipouawa Kaisari Elagabalus, kijana aliyekuwa kuhani wa mungu jua wa Emesa, Syria, na aliyeleta Roma jiwe jeusi la mungu wake kwa nguvu. Askari wale hawakuwa na habari naye, waliliweka bamba lao zamani kabla hajazaliwa. Stakabadhi yao ikachafuliwa kwa deni la mtu mwingine.

Mwezi wa nne nilikwenda Carrawburgh yenyewe. Nilishuka basi Chesters, nikatembea zaidi ya saa moja, upepo unapuliza kanga niliyojifunga shingoni kama skafu. Hekalu ni kuta fupi tu, hazifiki kiunoni, na nakala za madhabahu tatu zimesimama mahali pa zile za asili. Juu yake, kwenye bakuli, watu wameacha sarafu. Zimelowa. Jua lilitoka dakika chache likazimeta, kisha wingu. Palikuwa na kondoo, na familia moja yenye mbwa. Baba wa ile familia akamwuliza mwanawe kama anataka kuweka senti na kuomba kitu. Nilitaka kumwambia amegeuza utaratibu, unaweka baada ya kupewa. Nikanyamaza, si jambo la kumwingilia mtu na mtoto wake.

Lakini lilinitoa jasho, kwa sababu mimi ninayo. Miaka mitano iliyopita, kwenye ukumbi wa hospitali, saa nane za usiku, nilitamka mbuzi na watoto wa chuoni. Nilichoomba nilipewa. Nikasema nikipata likizo, nikasema nikimaliza kodi ya nyumba, nikasema mwaka ujao. Shehe wetu akisoma hapa atasema haya yote ya Warumi sikuhitaji, kitabu changu mwenyewe kinasema wazi. Ni kweli. Ila kitabu changu mwenyewe nilikuwa nakifungua na kukifunga bila kuona haya, na Herion akaniaibisha.

Nikiwa njiani kurudi kituoni nilimpigia Mama mdogo Tanga. Nikamwambia nina nadhiri, namtumia fedha, anunue mbuzi, aite watoto, asiniwekee hata mfupa.

Kimya kidogo. Nikasikia jogoo upande wake.

"Nadhiri ya nini tena wewe?"

Nikamwuliza mbuzi siku hizi anauzwa bei gani huko.